Msiifuate Maiti ya Baba Yenu

Sikilizeni, wanangu, na wewe Mutwalibu keti, acha kuangalia mlango, maana bayoneti iliyoingia tumboni mwangu haikunibakishia pumzi ya kusema jambo mara mbili.

Baba yenu amekufia lile gari la betri. Petroli ilipoadimika Tororo alichukua mota ya kinu kilichoachwa, binti yangu Hajara akaisuka upya nyaya zake, naye baba yenu akaunda kisanduku cha kugeuza umeme wa betri uwe wa kwenda na kurudi, maana mota ile haijui mwingine. Sajenti mmoja wa jeshi akalitaka gari. Baba yenu akamsihi, "Afande, polepole kwanza, kasi ya umeme kwenda na kurudi na volti vipandishwe pamoja, ukikurupuka kisanduku kitaungua." Sajenti akacheka, "Wewe mzee, gari yako naogopa mlima?" Akapakia askari, akasukuma wenzo mpaka mwisho, kisanduku kikafuka moshi, wenzake wakamcheka, naye akampiga baba yenu kwa kitako cha bunduki mpaka sikuutambua tena uso wa aliyenioa. Nilipomshika sajenti mkono, nikapata langu, la bayoneti.

Sasa sajenti ametuma neno: mtoto wa fundi aje akitengeneze kisanduku, ndipo apewe maiti waliyoondoka nayo. Mutwalibu, najua mtoto wa kiume humzika babake. Lakini wewe kisanduku hukiwezi, na Hajara anayekiweza hawatamrudisha. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Mimi nasema ukimbieni. Ukienda, wewe na baba yako mtazikwa shimo moja, au msizikwe kabisa. Mwacheni baba yenu huko huko. Vukeni mpaka wa Busia mwingie Kenya, na mkifika kwa shangazi yenu Fauziya mswalieni baba yenu akiwa mbali. Mungu anajua alipo.

Koleo, nyaya na mita ni za Hajara, na wewe kaka mtu utambebea bila kununa. Ule ukanda wa shamba niliogombania na jirani Okochi mpaka tukatukanana msibani, sasa ni wake Okochi. Ndiye atakayenizika, Mkristo hivyo hivyo. Kisasi sikigawi. Nakufa nacho.

Usinishike, mwanangu, unaniumiza. Piteni kwenye mtama, si barabarani. Mungu awafunike... awape mikono mizima, na watoto wasiojua sauti ya buti. Hajara, vaa viatu. Msingoje nikate roho, msinioshe... Maiti ya baba mmeiacha. Na mimi... na mimi niacheni. Inukeni.