Qi Fulu na Taya Lililopondwa Kinuni

"Kifaru aliyekufa kabla dunia haijaumbwa unamlilia! Mimi nikifa leo, utauliza tambi ziko wapi!" Ndivyo Shi Yinhua alivyomfokea mumewe, marehemu Qi Fulu, jikoni kwao, tarehe 9 Machi 2016. Tutafika huko.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Novemba 1957 hapa hapa wilayani Hezheng, mkoa wa Gansu, mtoto wa tatu wa mzee Qi Dehai. Shule aliishia darasa la tano. Mwalimu alisema kichwa anacho, ila kimejaa udongo.

Alichimba mifupa ya joka pamoja na baba yake, ile mifupa ya kale iliyogeuka mawe, ya kuuzia maduka ya dawa za kienyeji. Makumbusho yalipomwajiri kuunganisha mafuvu, akaambiwa joka gani, hao ni vifaru. Basi, tukakoma! Karamu ya mjukuu kutimiza mwezi, badala ya ukoo wa Qi akatusomea ukoo wa vifaru: kwanza jitu lisilo na pembe, halafu wenye meno ya chini kama visu, mwisho yule wa manyoya aliyeshuka na baridi kutoka milimani.

"Fulu, kula, tambi zinavimba," tukamwambia.

Alimwoa Yinhua tarehe 12 Januari 1985. Walipendana kwa kugombana.

Mwaka 2007 alichimbua korongoni fuvu lisilo na taya la chini. Wataalamu walisema bila taya hawawezi kujua huyo ni mtoto wa nani. Akalitafuta hadi mapafu yakajaa vumbi. Hospitali ikasema hakuna dawa.

Kikohozi kilimnyima usingizi. Yinhua akaomba mifupa ya joka kwa jirani, maana ni dawa ya usingizi, akaiponda, akaichemsha, marehemu akanywa majira yote ya baridi. Siku hiyo ya Machi aliona jino limebaki kinuni. Akalijaribu kwenye nakala ya plasta ya lile fuvu la korongoni, aliyoiweka nyumbani. Likakaa kama kifuniko na chungu chake. Jirani alikuwa amechimba hatua chache tu kutoka shimo lake. Akapiga simu makumbusho. Jino moja lililopasuka, wakasema, halitoshi.

"Taya lililobaki liko tumboni mwako," Yinhua akasema. "Wakupasue!"

Marehemu alifariki tarehe 30 Machi 2016. Ameacha mjane, mwana wake Wenbin, mjukuu mmoja, na fuvu ambalo ukoo wake hautajulikana.

Mjane ameomba tusome na hili, maana hakujibiwa. Siku ile jikoni, alipomaliza kufoka, alimwambia, "Baba Wenbin, ningejuaje? Nilitaka ulale tu."

Marehemu alivaa kofia, akasukuma mlango kwa bega, akaelekea korongoni.

Alale sasa, basi.