Bi Makaa Bado Yumo Kwenye Ratiba

Risala ya Kikundi cha Treni Ndogo cha Chumba cha Nyuma kwa mgeni rasmi, Meneja wa Reli, siku ya kufungua daraja letu la mfano

Mgeni rasmi, Meneja wetu wa Reli, majirani, wateja mlioingia kunyolewa mkakuta sherehe, mabibi na mabwana.

Kabla hatujakukaribisha, yapo maneno yanayozunguka mtaani ambayo tungependa uyasikie kutoka kwetu. Muuza magodoro wa ng'ambo ya barabara, ambaye anaweza kulala kazini bila kugombezwa kwa kuwa bidhaa zake zinamruhusu, anadai kwamba mwaka jana ulipoondoka hapa aliamka ghafla akamwona mwenzetu Mzee Breki akilikimbilia gari lako, anapunga kofia na kupaza sauti, "Simamisha, simamisha." Anadai pia kwamba Mzee alidondosha kiatu kimoja njiani, na kwamba aliyekiokota ni yeye muuza magodoro.

Mgeni rasmi, hayo si kweli. Mzee Breki ana goti bovu, hakimbii. Alitembea tu, mwendo wa mtu anayewahi. Alifika dirishani kwa dereva wako, akampa kichupa cha mafuta ya cherehani, akamwambia, "Mwanangu, tone moja kila ekseli. Na asiwekwe juani." Dereva akajibu, "Sawa, mzee." Basi, ni hayo tu. Viatu alirudi navyo vyote viwili.

KARIBU TENA

Sasa tunakukaribisha, na tunakukaribisha kwa moyo mweupe. Ukihisi kiti ulichokalia kinazunguka, usishtuke. Ndicho kiti kizuri kuliko vyote tulivyo navyo, na Kinyozi ameahidi kutoligusa kanyagio lake wakati unahutubia.

Hatutakuficha, tulipokaa kumchagua mgeni rasmi wa mwaka huu yalizuka maneno. Fundi Saa, ambaye ndiye anayetuchongea magurudumu, alisema, "Yule yule tena? Safari hii si ataondoka na meza?"

Mama Rangi, ambaye kazi yake ni kuandika mabango ya maduka, akamjibu, "Shemeji, tusipomwita tutamwona wapi? Ofisini kwake tumeshakwenda, tukarudi mikono mitupu na matumbo yamejaa chai."

Kinyozi, mwenye chumba hiki, alikuwa akikung'uta taulo. Tangu mwaka jana Kinyozi huongea kidogo sana vikaoni, na kipaza sauti tumempokonya. Ndiyo maana risala hii inasomwa na katibu, binti anayezungusha nyaya za shaba kwenye mota. Tumemchagua kwa kuwa hana papara, na kwa kuwa akianza sentensi huimaliza.

TULIKOTOKEA

Kikundi hiki hakikuanza kama kikundi. Kilianza kama mume mmoja aliyestaafu na mke mmoja aliyechoka kumwona sebuleni.

Mzee Breki aliendesha treni maisha yake yote ya kazi. Jina hilo alipewa kwa sababu mpaka leo, akikaribia kona kwa miguu, huanza kupunguza mwendo mapema. Baada ya kustaafu alikuwa akienda kwa muuza vyuma chakavu kupoteza muda, na siku moja, ndani ya sanduku la mabomba na kufuli zilizokufa, akaona bomba la moshi limepinda, linachungulia. Akavuta. Kikatoka kichwa cha treni cha mfano, kirefu kama mkono kutoka kiwikoni hadi kwenye vidole. Kilikuwa kimeliwa na kutu, hakina mota, na gurudumu moja limepotea. Kilikuwa cha aina ile ile aliyoanzia kazi, ya kuchochea moto kwa koleo, kabla hajawa dereva.

Gurudumu lililopotea halikupatikana popote. Mwishowe Mzee alikata kifungo cha shaba kwenye koti lake la kazi, akampelekea Fundi Saa, naye akakichonga siku nyingi kwa tupa hadi kikakaa. Hakikukaa sawasawa. Injini ile ikitembea huchechemea: inakwenda vizuri, inadunda kidogo, inakwenda tena. Hata ukiwa umefumba macho utajua ni yeye anapita.

Jina la Bi Makaa alilitoa marehemu mkewe, kwa sababu kila Mzee aliporudi kutoka kumshughulikia, mikono ilikuwa imejaa weusi. Majirani wa wakati ule wanayakumbuka mazungumzo yao pale mlangoni.

"Umetoka kwa Bi Makaa wako?"

"Nimetoka."

"Hajambo?"

"Anachechemea kidogo."

"Basi mmependana wenyewe kwa wenyewe, maana na wewe hilo goti."

Mkewe alipokuwa mgonjwa, Mzee alitandika reli chache kandokando ya kitanda, Bi Makaa akawa anampelekea vidonge vyake katika behewa. Mama wa watu alikuwa akilalamika kwamba treni inachelewa. Haikuwa imechelewa hata mara moja, ila alipenda kumwona dereva akijitetea.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, tuna mengi ya kujivunia. Njia yetu sasa inazunguka chumba chote, inapita chini ya kioo cha Kinyozi na kutokea nyuma ya kabati la taulo. Milima ni magazeti na gundi. Miti ni sponji za kuoshea vyombo, Mama Rangi amezipaka mpaka watoto wanauliza ni miti gani ile. Umeme tunautoa kwenye chaja ya kompyuta iliyokufa.

Tumeshinda pia adui ambaye wenzetu wa vikundi vingine hawamjui, yaani nywele. Kichwa kikinyolewa kule mbele, nywele huruka, huingia huku, hujisokota kwenye ekseli, na treni husimama katikati ya safari. Fundi Saa huzichomoa kwa koleo ndogo ya saa huku akimtaja mwenye nywele. "Hizi za mwalimu. Hizi ngumu za muuza magodoro." Tangu Mama Rangi atushonee pazia, ajali za nywele zimepungua sana.

Na leo tuna daraja. Ni hilo hapo mbele yako, la mbao na nyaya za baiskeli. Tunalionea fahari. Tungependa pia ujue kwamba limegongomelewa mezani kwa misumari, na misumari ikakunjwa kwa chini. Hatuna sababu maalumu ya kukueleza hilo.

CHANGAMOTO

Umeme hukatika. Vumbi ni jingi. Kubwa kuliko hizo ni kosa letu wenyewe, na leo tunalisema hadharani ili Kinyozi alale usingizi.

Sisi hatubebi kichwa cha treni kwa mikono. Jasho la vidole huharibu rangi na kuchafua reli, kwa hiyo kila kichwa huletwa njiani juu ya sinia, kimefunikwa kitambaa cheupe, kimeshikwa na watu wawili. Kwetu ni jambo la kila Jumamosi. Tumelizoea kiasi kwamba hakuna aliyewaza mtu mwingine analionaje.

Mwaka jana tulikualika uzindue njia. Mpango ulikuwa hivi: Bi Makaa ataletwa mbele yako, wewe utafunua kitambaa, Mzee Breki atamweka relini, wewe utabonyeza swichi. Zawadi yako ilikuwa kofia ya mkuu wa stesheni, imeandikwa cheo chako kwa rangi ya dhahabu, nayo ilikuwa inasubiri mezani. Basi sinia likaja. Vigelegele vikapigwa. Kinyozi, kwa raha ya kushika kipaza sauti, akasema, "Na sasa tunamwomba mgeni rasmi apokee."

Ukapokea. Ulifunua kitambaa, ukasema kwamba katika miaka yako yote ya kazi hujawahi kupewa kitu kama hiki. Kisha ukampa dereva wako, naye akatoka na sinia letu, kitambaa chetu na Bi Makaa.

Sisi tukapiga makofi. Tungefanya nini? Kinyozi ndiye aliyepiga kwa muda mrefu kuliko wote, mpaka Mama Rangi akamshika mikono. Ile kofia ilibaki mezani na hakuna aliyethubutu kuitazama. Jioni tulimuuliza Mzee mbona hakusema. Akajibu, "Ningesema nini? Mmemwona alivyofurahi."

Baadaye tulituma wajumbe ofisini kwako, Mama Rangi na katibu huyu. Tuliingia tumejiandaa. Tukamwona Bi Makaa ndani ya kabati la kioo, kati ya vikombe vya michezo, uso umeelekezwa ukutani na mgongo mlangoni, jua la dirishani linampiga ubavu. Kabla hatujafungua mdomo ukatuambia, "Kila anayeingia humu namwonyesha. Nawaambia, hii nimepewa na watu wanaonipenda." Tukanywa chai. Ukatuongezea. Tulipotoka, Mama Rangi alisema, "Mwanangu, mimi nilikuja kudai, sasa naona kama nimekuja kuposa."

Mgeni rasmi, hali ya kikundi tangu hapo ni hii. Kwetu kila kichwa kina dereva wake, na dereva asiye na kichwa hukaa benchi la abiria. Sheria hiyo aliitunga Mzee Breki mwenyewe, siku ambayo Kinyozi aliangusha treni ya Fundi Saa kutoka mlimani. Sasa imemrudia. Kila Jumamosi anakuja na kofia yake, anakaa kwenye benchi, mikono magotini. Fundi Saa alimpa ya kwake aendeshe walau mzunguko mmoja. Akasema, "Ahsante, mimi nasafiri tu leo."

Na ratiba hajakubali ibadilishwe. Njia yetu ni moja, hakuna kupishana isipokuwa pale stesheni ya kati. Kwa hiyo saa ya Bi Makaa ikifika, treni zote huingia njia ya pembeni na kusimama ili apite. Hapiti mtu. Tunasubiri mpaka saa yake iishe, ndipo tunaendelea. Wateja huuliza na povu la sabuni kidevuni.

"Mnasubiri nini?"

"Bi Makaa apite."

"Yuko wapi?"

"Amechelewa."

Siku moja Fundi Saa uvumilivu ulimwisha. "Mzee, tumfute kwenye ratiba, tuwe na amani." Mzee alimtazama, akasema taratibu, "Treni hufutwa ikifa. Huyu anafanya kazi ofisini." Chumba kizima tukacheka, na yeye akacheka, kisha akavua kofia akaikagua ndani kwa muda mrefu kama mtu aliyepoteza kitu humo.

MAOMBI

La kwanza, tunaomba reli chakavu kipande kimoja, kifupi, cha kuegeshea mlango.

La pili, tunaomba uipokee ile kofia. Ni yako tangu mwaka jana. Tukikukabidhi tutasema wazi kwamba ni zawadi, tutarudia, na maneno hayo hayatasemwa na Kinyozi.

La tatu ndilo lililotukutanisha.

Kwa taratibu zetu, kila kichwa hufunguliwa kila mwaka, kikapigwa brashi, kikapakwa mafuta, kikajaribiwa njiani. Zamu ya Bi Makaa imefika na imepita. Tunaomba, mgeni rasmi, umruhusu aje kwa matengenezo ya kawaida. Hatusemi kwamba umrudishe, maana kilichotolewa mbele ya watu kwa vigelegele ni chako. Mama Rangi ameshaandika hata kibao kidogo cha kuwekwa stesheni ya kati kinachosema kichwa hiki ni mali ya Meneja wa Reli, na kila atakayeingia humu ataonyeshwa, kama unavyowaonyesha wageni wako. Ofisini tutakuletea picha yake kubwa, Mama Rangi ameshaianza, nayo uso wake umeelekea mlangoni.

Utatuuliza matengenezo yatachukua muda gani. Tulimwachia Fundi Saa akadirie, naye ni mtu anayetimiza ahadi zake za muda. Macho ya Mzee Breki yameanza kuingia ukungu. Daktari amemwambia uoni uliopotea hautarudi. Fundi Saa anakadiria kwamba kazi itachukua muda wote ambao Mzee bado anaweza kumwona Bi Makaa akipita darajani, na muda kidogo baada ya hapo, kwa sababu Mzee mwenyewe amewahi kusema kwamba huyo hata asipomwona atamsikia. Ukiisha muda huo tutakuletea hadi mezani kwako, amepigwa rangi mpya, sisi wenyewe, kwa miguu ikibidi.

Mzee hakujua kama ombi hili limo. Tulipomsomea risala tulimsomea sehemu ya daraja tu, akasema ni nzuri ila ndefu. Sasa amelisikia. Yuko pale benchi la abiria, ameinamisha kichwa, anajifanya anafunga kamba ya kiatu. Tunakuomba usimtazame kwanza, atakwambia haina haja. Atakwambia Bi Makaa aachwe alipo, maana wewe unampenda. Usimsikilize.

Mungu akupe afya njema, ailinde familia yako, azifikishe salama treni zako kubwa na abiria wake wote, na akulipe kwa kukaa kwa uvumilivu kwenye kiti kinachozunguka.

Mgeni rasmi, saa ya Bi Makaa imefika. Vichwa vyetu vyote vimeingia njia ya pembeni, na njia kuu iko wazi. Je, utamruhusu aje?

Ni sisi wenyeji wako,
Kikundi cha Treni Ndogo cha Chumba cha Nyuma