Kanga ya Mama Mkwe Mbele ya Kioo cha Daktari

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mfawidhi, Daktari Teodora tunayekuaga leo, ndugu wageni waalikwa. Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni Suzana, muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Nimezoea kupiga kelele bila kipaza sauti, kwa hiyo mlioketi mbele mnisamehe.

Ndugu zangu, nilikuwa nimekwisha kuzika watoto wawili waliofia tumboni. Nilipobeba mimba tena, Daktari alinieleza kwamba damu yangu inapigana na ya mtoto, naye anaishiwa damu humo humo. Dawa ni kumwongezea kwa sindano, ipite tumboni mwangu hadi kwenye mshipa wa kitovu chake, mashine ya ultrasaundi ikionyesha njia. Mshipa mwembamba kama tambi! Nani asingetetemeka?

Basi mama mkwe wangu, Mama Kashindye, yule pale anayejifanya hanioni, akagoma. Kwao mtoto hatazamwi kabla hajazaliwa. Akafunika kioo cha mashine kwa kanga yake. Wauguzi wakaguna. Je, Daktari alimfokea? Wapi!

"Shikamoo, mama," alisema. "Nisipoona, nitamchoma mjukuu wako. Inua kanga, uishike hivi, Suzana asione. Wewe fumba macho. Nitaona mimi peke yangu."

Mama akakubali. Daktari akaingiza kichwa chini ya kanga, sindano mkononi. Mtoto akacheza, mkono wa Daktari ukasimama.

"Tulia, bibie," akamwambia mtoto. "Tulia kidogo tu."

Mara nikasikia mama mkwe: "Jamani! Huo unaodunda ni moyo wake?" Kumbe macho hakuyafumba!

"Ndio, mama."

"Mwongezee, daktari. Mwongezee damu mjukuu wangu!"

Kanga ikaanguka sakafuni, nami nikamwona mwanangu. Nililia, ndugu zangu. Tuliporudi kuongezewa tena, mama mkwe ndiye aliyewahi kiti cha mbele, akatuziba sote.

Daktari, ulimwona Precious kabla yetu. Leo amekuja kwa miguu yake, na kanga aliyoshika ni ile ile. Precious, nenda ukamvike daktari wako. Usikimbie... Aa, kimbia tu, mama! Leo hakuna wa kukuambia utulie.

Asanteni nyote kwa kunipa masikio yenu.