Sinki la Ghorofa ya Tatu

Fundi cherehani alikuwa amepata nyumba ya gharama nafuu kule mwisho wa mji, na tangu apande basi hakuacha kuchekacheka. Ufunguo alimwonyesha hata mzee mwashi aliyekaa naye, ambaye hakuwa ameuliza.

"Ghorofa ya tatu, namba kumi na mbili. Ila sinki la jikoni liko chini mno, mzee wangu. Kwa urefu huu nitaosha vyombo nimepiga magoti."

Mwashi akakohoa. "Hilo nimelijenga mimi. Mke wangu ni mfupi."

"Mkeo anahusikaje na sinki langu?"

"Niliomba nyumba hiyohiyo, mwanangu. Nikajua mtu aliyeijenga hawawezi kumnyima. Jina likatoka lako."

"Na mimi je, miaka tisa chumba kimoja na watoto wanne?"

"Kosa si lako. Wala si langu."

Wakatazamana, kisha wakacheka mpaka kondakta akageuka.

"Sasa unaenda wapi?"

"Kumalizia jengo la pili. Nimeshaomba nyumba tena, huko."

"Na masinki ya huko umeyawekaje?"

Basi likasimama. Mwashi akachukua mwiko wake.

"Nimeshusha moja tu," alisema, akateremka.