Mabua Juu ya Landrova

Ndugu zangu wa Babati, jina la Bwana litukuzwe! Nasimama mbele yenu nikiwa mtu aliyelala usingizi jana. Wanaonijua wanajua kwamba hilo si jambo dogo.

Mimi ni Yohana wa hapo Bonga. Nilirudi kutoka chuo kikuu na digrii ya uchumi, nikakaa nyumbani kusubiri barua ya kazi. Ndugu zangu, roho ya hofu ilinishika! Sukari hakuna, sabuni hakuna, na redioni kila siku wahujumu uchumi wamekamatwa kwa kuficha bidhaa. Hata kipande cha sabuni alichokuwa nacho mama nilikiwazia kesi.

Ndipo Landrova ya watalii ikakatika springi mbele ya nyumba yetu. Walikuwa Wazungu, mume na mke, wakielekea Dodoma. Dereva wao alidandia lori kurudi Arusha kutafuta springi. Mama akawapa wageni chumba changu bila hata kuniuliza.

Utaratibu mnaujua: mgeni akilala kwako, balozi wa nyumba kumi aambiwe. Mimi nikawaza: tukisema, polisi watauliza habari za fedha za kigeni. Wakiuliza, watamchukua mama. Wakimchukua, shamba litabaki na nani? Basi nikawaambia wageni wasitoke nje, nikaifunika Landrova kwa mabua ya mahindi.

Mama akaja, akashika kiuno. "Msomi wangu, gari lote hilo? Ng'ombe wa watu watakuja kulila!"

Kesho yake asubuhi balozi wetu, Mzee Boay, akaingia uani. Uongo nilikuwa nao tayari: hawa ni wataalamu wa kilimo. Lakini mama alisimama pale mlangoni, na nyumba ni yake. Nikidanganya, atakayejibu ni yeye. Nikalia moyoni, "Yesu, nifungue!" Ndugu zangu, ulimi ukafunguka!

"Shikamoo, balozi. Ni watalii. Nimewaficha mimi, mama hana kosa."

"Marahaba. Nilijua tangu jana. Mabua yenye matairi nimeyaona hapa kwenu tu!" Akacheka mpaka akakohoa. "Niandikie majina yao. Halafu wapeleke ziwani wakaone viboko. Umewafungia kama wagonjwa!"

Haleluya! Mzigo ulianguka pale pale uani.

Wageni walikaa siku tatu zaidi, wakalipa kwa shilingi walizobadilisha benki. Mwenye mtumbwi akapata. Jirani yetu Mama Neema, mjane, akauza maziwa na mayai. Springi ilipofika, fundi naye akapata. Mambo niliyoyakariri darasani niliyaona kwa macho kwenye njia ya ziwani: mgeni alilala kwetu, lakini mtaa mzima ulikula. Sasa dereva yule akipita na watalii husimama kwetu. Mama ameongeza chumba. Mimi ndiye ninayewatembeza, na majina yao yanamfikia balozi kabla hawajanywa chai!

Barua ya kazi bado haijaja. Hofu imeondoka. Namshukuru Mungu, namshukuru mama ambaye hakuogopa kufungua mlango.

Na wewe uliyekaa hapo na jambo lako umelifunika, ukihesabu nani atasema nini, njoo leo umwambie Yesu ukweli. Ondoa mabua, ndugu yangu. Matairi ameshayaona.