Mjomba Tumwambieje?

Penina hakutulia kitini. Mbuzi walikuwa wameitafuna mizabibu ya mjomba wake siku aliyoachiwa yeye kuilinda, na sasa basi lilikuwa linampeleka Dodoma kwa mjomba huyohuyo.

"Nitasema nilipitiwa, babu," alimwambia Mzee Mazengo, jirani yake kitini, aliyekuwa amemlaza jogoo wake chini ya kiti.

"Na simu mkononi? Mtu hupitiwa na usingizi, mjukuu wangu, hapitiwi na video. Huo ni uzembe."

"Uzembe ni tabia, babu! Mimi ni jana tu."

"Kawaambie mbuzi."

Basi liliposimama Ihumwa, mzee alishuka kifua mbele kama mshindi wa kesi. Jogoo wake akawika chini ya kiti. Mzee akarudi mbio hadi dirishani, mikono juu. Konda alikuwa keshagonga bodi, basi liondoke. Penina akamkumbatia jogoo.

"Kwanza tukubaliane, babu. Mjomba tumwambieje?"