Bi Mashavu na Chetezo cha Marlscombe

Bi Mashavu Vuai Haji anastaafu Alhamisi hii, tarehe 30 Juni 1983, baada ya kuitumikia nyumba ya Bashumaila kwa miaka kumi na minane na miezi minne. Ameomba tusitaje umri wake. Tumekubali bila shida, kwa sababu pasipoti yake inasema hivi, ikama, yaani kibali chake cha kuishi nchini, inasema vile, na mwenyewe ana idadi ya tatu ambayo hubadilika kufuatana na anayeuliza.

Aliingia Jeddah mwaka 1964 kutoka Unguja, yeye na mama yake, na godoro moja, na mbuzi ya kukunia nazi. Mama hakuumaliza mwaka wa pili. Amezikwa hapo hapo Jeddah. Februari 1965 Bi Mashavu aliajiriwa Balad, mji mkongwe wa Jeddah, katika nyumba ndefu ya mawe ya Sheikh Abbas Bashumaila, muuza saruji, na mkewe, bibi mkubwa wetu, Sitti Nur. Aliajiriwa asaidie jikoni. Baada ya miezi mitatu jiko zima lilikuwa linamsaidia yeye. Watoto wawili wa nyumba, Hamza na Nabil, walikuzwa kwa wali wa nazi na makofi machache ambayo, kwa maelezo ya aliyeyapiga, yote yalistahili.

Kisha mafuta yakapanda bei. Nchi nzima ikataka kujenga kwa siku moja, meli za saruji zikapanga foleni baharini kwa miezi, na Sheikh Abbas akatajirika kwa kasi iliyomshinda hata yeye kuizoea. Alijenga kasri Riyadh, akahamia huko na Sitti Nur na Bi Mashavu, akajenga na maghala yetu ya Al-Sulay huko huko, na mwaka 1975 akanunua Marlscombe, shamba la kibwanyenye huko Uingereza, lenye nyumba ya vyumba arobaini na kimoja, kundi la paa malishoni, na ngazi iliyojaa picha za wenyewe wa zamani, vizazi saba. Familia hiyo ilikaa pale miaka mia mbili mpaka kodi na mapaa yanayovuja yakawashinda.

Kila kiangazi nyumba nzima ilihamia huko, na Bi Mashavu mbele. Siku ya kwanza alizifunika zile picha kwa kanga, kwa kuwa Sitti Nur hakutaka kupita mbele ya wanaume asiowajua kila anapokwenda kusali. Kanga hakuzitundika ovyo. Alimtazama kila bwana usoni, akamchagulia maneno yake. Jemadari mwenye upanga alipata "Mpaji ni Mungu". Mwanamke mmoja mwenye pua juu alipata maneno ambayo jarida hili la wafanyakazi haliwezi kuyachapisha.

Sheikh Abbas alifariki Juni 1980, Mungu amrehemu, na hapo furaha ikaingia mdudu. Hamza, mkubwa, alibaki na ofisi ya Jeddah. Nabil akashika Riyadh. Wakagombana juu ya nani akae kwenye kiti cha baba, na kwa miezi kumi na minne hawakusemezana. Mimi, karani wa Al-Sulay, nilikuwa mdomo wao. Hamza alinipigia simu akisema, "Mwambie yule," na Nabil alinijibu, "Mjibu yule." Katika muda huo sikusikia jina la mmoja kinywani mwa mwingine hata mara moja.

Aliyeumia ni Bi Mashavu. Kafili wake, mdhamini wake mbele ya serikali, alikuwa marehemu, na bila kafili mwingine ikama yake isingepata kuandikwa upya ikifika mwisho wa Septemba 1981. Hamza alisema mama huyu anapika Riyadh, kwa hiyo ni wa yule. Nabil alisema aliajiriwa Jeddah, kwa hiyo ni wa yule. Karatasi zilikwenda na kurudi, na siku zikawa zinakwisha. Unguja hakuwa na kwa kurudi. Nyumba yao ya Ng'ambo inakaliwa na watu asiowajua. Siku moja jikoni aliniambia, "Onesmo mwanangu, nyumba mbili zala mkono wangu, na hapana hata moja inotaka jina langu." Akacheka, kisha akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Nilijifanya natafuta chumvi.

Agosti 1981 ndugu wale walikubaliana jambo moja tu, wauze Marlscombe, wagawane, kila mtu ashike njia yake. Mnunuzi alikuwa Bwana Thornley, kitukuu wa yule jemadari mwenye upanga, aliyetaka kuirudisha nyumba ya mababu kwa bei ya kuku. Mimi nilisafirishwa na faili la mkataba. Sitti Nur hakutaka nyumba ya mumewe iuzwe, lakini hakuna aliyemuuliza. Alikaa kwenye kiti chake cha mninga akiwatazama wanawe wakinywa chai na mnunuzi, na kalamu ilipotolewa, akamkonyeza Bi Mashavu.

Kwetu na kwa Waarabu, msomaji anajua, udi ukishapita ziara imekwisha. Hakuna mgeni anayeambiwa aondoke. Pua yake humwambia. Bi Mashavu akaingia na chetezo. Hamza alisimama palepale, kalamu mkononi, kwa mazoea ya utotoni. Nabil naye akasimama. Bwana Thornley na mwanasheria wake walibaki wameketi, wakausifu moshi, wakaomba kipande kingine cha keki.

Akazunguka mara ya pili. Wageni wakashukuru. Mara ya tatu aliongeza makaa na gao zima la udi. Ilipofika ya tano nilikuwa namsikia mwanasheria lakini simwoni. Hadi leo Bi Mashavu anaapa kwamba alidhani wageni wana mafua, na mimi si mtu wa kumkanusha mwanamke anayenipakulia. Mtunza bustani aliona moshi madirishani akapiga simu, na zimamoto wakaja na magari mawili.

Tuliamriwa kutoka. Nje mvua ilikuwa inamwagika. Sitti Nur akasema hatoki katika nyumba ya mumewe kwa miguu yake, na kiti kile cha mninga hakibebeki na mtu mmoja. Ndugu wawili wakatazamana.

"Shika huko," alisema Hamza.

"Nimeshashika. Nyanyua wewe," alijibu Nabil.

Ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza baada ya miezi kumi na minne, na walioyasikia ni mimi na zimamoto watatu. Walimfikisha mama yao majanini, naye akakataa kushushwa kwenye matope. Wakasimama wamembeba, mvua ikiwanyea, naye akawahutubia kutoka juu. Hakuuliza habari ya shamba. Aliuliza ni nani kati yao atakayempeleka Mashavu ofisi ya ikama. Wote wawili walisema "Mimi" kwa pamoja, kisha wakaanza kugombana upya, safari hii kila mmoja akimtaka. Bi Mashavu alisimama kando na chetezo chake kilichozimika, akilia waziwazi, na hakusingizia moshi.

Mimi nakiri hapa kwamba nilijikinga mvua kwa faili la mkataba. Wino ulichuruzika wote. Hakuna aliyeniagiza kuchapa mkataba mwingine, na Marlscombe bado ni ya Bashumaila. Hamza ndiye aliyekuwa kafili kwa kuwa ni mkubwa. Nabil hajaridhika.

Yapo mengine ya kumsifu. Amefunza wapishi kumi na mmoja, ingawa bado anaonja sufuria zao kwa siri. Wajukuu wa marehemu Sheikh huwaamkia mabalozi kwa "Shikamoo". Na katika ghala hili hakuna mgonjwa aliyekosa uji wake, Mwislamu wala Mkristo.

Habari ya kustaafu kwake ilipotoka, ndugu wale walishindana tena. Nabil alimtengenezea chumba Riyadh, Hamza akamtengenezea kingine Jeddah chenye kiyoyozi kikubwa zaidi. Bi Mashavu alivitazama vyote, akavisifu, akaenda kupanga chumba na ukumbi Bani Malik, huko huko Jeddah, juu ya duka la mikate. Hamza amebaki kafili kwenye karatasi, lakini ufunguo ni mmoja na anao mwenyewe.

Jumanne iliyopita kitanda cha Sitti Nur kilionekana kikipandishwa ngazi hizo. Bibi mkubwa amehama. Amewaambia wanawe kwamba kasri zao zina marumaru nyingi na watu wachache, naye anakwenda kukaa kwa Mashavu, ikiwa Mashavu atampokea. Mashavu amempokea. Hamza na Nabil walikwenda jioni kumbembeleza mama yao arudi. Bi Mashavu aliwafungulia mlango nusu, akawaambia mgeni wake amelala, wavue viatu na wangoje. Walikaa kwenye ngazi, bega kwa bega, saa nzima.

Bi Mashavu, sisi wa Al-Sulay tunakushukuru kwa kila sahani na kila karipio. Mola akupe afya na usingizi wa kutosha. Kaa kwako kwa raha, na siku utakayotukuta tumekaa ngazini, tufungulie.